Pori likiisha, udongo unabaki kwa nani? Masisi ya jana na Walikale ya leo



Mwezi uliopita mjomba wangu wa Walikale alinipigia simu usiku. Alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo. Hakuzungusha maneno:

"Mwipwa, kuko mutu anataka kununua pori yetu. Anataka yote, kuanzia kwa muto mpaka kule juu. Kwanza atatoa mbao, nyuma ataweka ngombe. Wewe njo ulisoma. Utuambie: tuuzishe ao tuache?"

Nilinyamaza. Mjomba akafikiri rezo imekatika, akaita "alo, alo". Kumbe nilikuwa nimekosa jibu, na sababu yake naweza kuisema hapa bila haya: mimi mwenyewe nimesomeshwa na lile pori. Kila mwaka wa masomo ulipoanza, mjomba alikuwa anaita wapasuaji, libuyu moja inaanguka, mbao zinapelekwa Goma, na franga zinarudi kama minervali yangu. Ndiyo nikapata lisansi ya historia. Sasa nitasimamaje mbele ya wazee kuwaambia kwamba kukata miti ni dhambi?

Lakini upande wa baba yangu ni Masisi, kule Bashali. Na Masisi ni mahali ambapo swali la mjomba liliulizwa tayari, zamani, na jibu tunaishi ndani yake mpaka leo. Kwa hiyo nilimwambia mjomba anipe siku chache. Nikarudi kwenye madaftari yangu ya historia. Nilichokuta ndicho ninachowaandikia hapa: swali "kukata pori ni vizuri ao vibaya" ni swali la pili. La kwanza ni hili: faida inakwenda kwa nani, hasara inabaki kwa nani, na pori likiisha, udongo ni wa nani?

MASISI KABLA YA MAJANI

Leo ukitoka Goma, ukapita Sake na kupanda Mushaki, unaona milima ya kijani, majani mafupi, na ng'ombe wamesimama kwenye mteremko kama wamebandikwa. Wageni wanapiga picha na kusema inafanana na Uswisi. Mtoto aliyezaliwa pale anaweza kufikiri Mungu aliiumba Masisi hivyo. Hapana. Sehemu kubwa ya milima ile ilikuwa pori: miti mikubwa, na kule juu kwenye baridi, mianzi. Majani tunayoyaona ni kazi ya mikono ya watu, na wengi wa watu wale wamefanya kazi hiyo ndani ya miaka isiyofika 100.

Wahunde walikuwa wanalima ndani ya pori hilo. Familia ilikuwa inafungua sehemu, inalima misimu kadhaa, kisha inaiacha ipumzike na kusogea. Udongo haukuwa kitu cha kuuzisha. Mwami na wakubwa wa ukoo walikuwa wanaugawa. Aliyepewa alileta zawadi, mbuzi ao pombe ao sehemu ya mavuno, kuonyesha kwamba anatambua nani amempokea. Hata mgeni aliingia kwa mlango huo huo.

Tukumbuke jambo moja: pori lile halikuwa mahali pa bure. Lilikuwa na nyama, asali, dawa na miti ya kujengea. Na zaidi ya yote lilikuwa akiba, maana shamba la mtoto ambaye hajazaliwa lilikuwa bado limesimama kama miti. Lakini mkoloni alikuja na jicho lingine. Tangu tarehe 1 Julai 1885, sheria ya Leta Huru ya Kongo ilikuwa imesema kwamba udongo "usio na mtu" ni wa Leta. Mahali ambapo mzungu hakuona nyumba wala shamba, aliandika: hapana mwenyewe. Pale ndipo akiba ya mababu ilipogeuka mali ya Leta, kabla hata ya shoka kugusa mti.

MIAKA YA KARATASI: 1925 MPAKA 1957

Kisha mambo yakafuatana haraka. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Parc Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Mwaka 1928 waliunda Comité National du Kivu, CNKi, na kuipa mamlaka ya kugawa udongo wa Kivu kwa wazungu walowezi. Hali ya hewa ya Masisi iliwapendeza: hakuna joto kali, malaria ni kidogo kule juu, na udongo wa volkano una rutuba. Wakataka plantasio za kahawa, chai, pareto na kinkina. Pori likaanza kufunguliwa kwa hektari nyingi kwa mara moja.

Lakini plantasio inahitaji mikono, na mikono ya Masisi haikutosha, ao haikutaka kazi ile. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda, watu walikuwa wamejaa kwenye vilima, na njaa ilikuwa imewapiga zaidi ya mara moja. Mwaka 1937 mkoloni akaunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, MIB, kazi yake ikiwa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuziweka Masisi. Hesabu inayotolewa kwa kawaida ni watu 25,000 hivi kati ya 1937 na 1945, na 60,000 hivi kati ya 1949 na 1955. Katikati, mwaka 1943 na 1944, kulikuwa na ile njaa kubwa ambayo Wanyarwanda wanaiita Ruzagayura. Wahamiaji walipewa shefri yao, Gishari. Mwaka 1957 mkoloni mwenyewe akaifuta.

Hapa naomba tusome polepole, ju ya ukurasa huu umetumiwa sana kuchochea chuki. Mkulima aliyetoka Rwanda na mke na watoto, akiwa na njaa, hakuchora ramani yoyote. Alionyeshwa mstari wa pori, akaambiwa: lima hapa. Alifanya kazi ngumu, akakata miti, akapanda maharagi, na watoto wake wakazaliwa pale. Na Mhunde aliyeamka asubuhi akakuta akiba ya watoto wake imekatwa vipande naye hakuulizwa, hakuota ndoto tu. Wote wawili wana ukweli. Aliyeamua hakuwa yeyote kati yao, alikuwa ofisini.

Faida ya wakati ule haifichiki. Watu waliokuwa wanakufa na njaa walipata chakula. Barabara zilifunguliwa. Masisi ikawa ghala. Kila mzee wa Goma anajua kwamba viazi, maharagi na maziwa ya mji vinategemea milima ile. Mti uliokatwa ulizaa kitu. Tatizo ni kwamba kitabu cha hesabu kilikuwa na mwandishi mmoja tu.

KUTOKA SHAMBA MPAKA FEREMU

Uhuru ulipofika 1960, wengi walifikiri udongo utarudi kwa wenyewe. Haukurudi. Tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria ya udongo, sheria namba 73-021. Ilisema udongo wote ni wa Leta, na mtu binafsi anapata tu haki ya kuutumia, kwa karatasi. Na udongo wa desturi, ule wa kijiji na ukoo? Kifungu 389 kilisema haki zake zitapangwa na amri ya Rais. Wasomaji wa sheria mnajua: amri ile haikutoka. Zaidi ya miaka 50 sasa, mamilioni ya wakulima wanaishi juu ya sentensi moja ambayo haikumalizwa.

Miezi michache nyuma, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation. Plantasio za wageni zikapewa Wazairwa. Lakini Mzairwa gani? Wale walioishi karibu na mamlaka: wakubwa wa Leta, wanajeshi, wafanyabiashara wenye mkono mrefu. Na mwenye kujua njia ya ofisi aliweza kuongeza, pembeni ya plantasio ya zamani, kipande cha udongo wa kijiji ambacho sheria mpya haikukilinda vizuri. Mwenye kijiji alikuja kujua siku alipoona uzio.

Hapo ndipo majani yalipoanza kutawala. Bei ya kahawa na pareto inapanda na kushuka, lakini ng'ombe anatembea mwenyewe mpaka soko, na feremu inaonyesha kwamba udongo una mwenyewe. Maziwa yakazaa fromaje ya Masisi, ile ya mviringo tunayoinunua pale Sake na Goma, na iliyokuwa inapanda ndege mpaka Kinshasa. Ni chakula kizuri, ni jina zuri la nyumbani, na kuna familia nyingi zinazoishi kwa kazi hiyo.

Lakini tupime tofauti. Kilima cha viazi na maharagi kinahitaji mikono ya familia nyingi: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kubeba. Kilima kile kile kikiwa majani, kinahitaji wachungaji wachache na fimbo. Wengine waende wapi? Wakawa watu wa kuomba kulima kwenye udongo wa babu zao, wakilipa kwa siku za kazi. Ao wakashuka Goma. Ao, vita ilipoanza, wakachukua bunduki.

SOKO LA NTOTO

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko, damu ilimwagika Ntoto. Ntoto iko Walikale, pale ambapo Walikale na Masisi zinagusana. Kutoka pale moto ulipanda Masisi, na kwa miezi michache maelfu ya watu walikufa, Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, na mamia ya maelfu walikimbia. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu baada ya mauaji ya kimbari, na wenye silaha waliingia pamoja nao. Mei 1996 hata monasteri ya watawa wa Mokoto, ndani ya Masisi, ilishambuliwa, na watu waliokimbilia pale waliuawa.

Je, ni shoka lililoleta vita? Hapana, nisiwadanganye. Kulikuwa na swali la uraia, sheria za 1972 na 1981 zilizopingana, siasa ya Mobutu aliyekuwa anaanguka, na mambo ya Rwanda. Lakini kila mara ukichimba chini ya maneno ya uraia unakuta udongo. Ju ya nini? Ju ya pori lilipokuwepo, ugomvi ulikuwa na mahali pa kupumulia. Kijana asiyekuwa na shamba alikuwa anasogea mbele, anafungua lingine. Pori lilipoisha na udongo wote ukawa na uzio ao karatasi, hakuna aliyeweza kusogea bila kumkanyaga mwenzake.

Na cheki hili: ng'ombe wenyewe, waliochukua nafasi ya watu, wengi waliibiwa ao kuchinjwa miaka ile ya vita. Feremu zikabaki majani matupu. Kwa muda fulani Masisi haikuwa na pori, haikuwa na mashamba ya kutosha, na haikuwa na ng'ombe.

MLIMA BILA MIZIZI

Kuna hasara nyingine ambayo haiangalii kabila. Mvua ya Masisi ni nyingi na mteremko ni mkali. Kwenye pori, tone la mvua linapigwa kwanza na majani juu, linashuka polepole, linakutana na takataka ya majani iliyooza kama sifongo, na mizizi mirefu inashika udongo kwenye jiwe. Ondoa hayo yote, tone linapiga udongo moja kwa moja. Kwato za ng'ombe zinaukandamiza juu, maji hayaingii vizuri, yanakimbia na kuchora mifereji. Mahali yanapoingia kwenye ufa, udongo unakuwa mzito na hakuna mizizi ya kuushika. Siku moja mlima unatembea.

Mwanzoni mwa Aprili 2023, huko Bashali, wakina mama na watoto walikuwa chini ya mlima, kwenye maji, wanafua na kuosha vyombo. Udongo ukawafunika. Watu wapatao 20 walikufa. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei 2023, ikawa Kalehe, kule Kivu ya Kusini: mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua zaidi ya watu 400. Mvua kubwa kweli ilikuwepo, na milima yetu huanguka wakati mwingine hata ikiwa na miti. Lakini mlima uliovuliwa unaanguka kwa urahisi zaidi, na wanaokaa chini yake ni wale ambao hawakupata sehemu iliyo sawa.

Jirani zetu walishalipa somo hili. Gishwati, kaskazini-magharibi ya Rwanda, si mbali na mpaka wetu, lilikuwa pori la hektari 28,000 hivi. Miaka ya 1980 mradi wenye fedha za Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa kuwa malisho ya ng'ombe. Baada ya 1994, familia zilizorudi zikawekwa pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilibaki hektari 600 hivi. Ikaja mmomonyoko, yakaja mafuriko. Halafu Rwanda ikaanza kupanda tena kile ilichokata, na mabaki yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Gishwati-Mukura. Kukata ni kazi ya miaka michache. Kurudisha ni kazi ya kizazi, na inahitaji Leta yenye nguvu na franga. Sisi tunazo?

WALIKALE: PALE MASISI ILIPOKUWA

Sasa nirudi kwa mjomba. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Ukiiangalia kutoka kwenye ndege, unaona pori, mto, pori. Halikubaki kwa sababu tulilipenda kuliko Wamasisi. Lilibaki kwa sababu barabara ilikufa na lori halikufika.

Wanyanga, watu wa mama yangu, wana hadithi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Candi Rureke aliimba hadithi hiyo mbele ya Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kama kitabu. Watu wanakumbuka vita vya Mwindo na baba yake. Wanasahau mwisho: shujaa anaua joka la porini, kumbe joka ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha Mwindo mbinguni, anateswa na baridi, mvua na jua, na anarudi chini na katazo la kuua wanyama ovyo. Wazee wetu walijua kwamba hata mwenye nguvu anahitaji kuwekewa mpaka porini. Siyo wazo lililoletwa na miradi.

Lakini mpaka huo unapigwa kila upande. Kuanzia 2002 hivi, kasiterite ya Bisie ilivuta maelfu ya wachimbaji. Magunia yalibebwa mgongoni kupitia porini, kisha ndege ndogo zilitua barabarani Kilambo kuyachukua. Shimo lenyewe si kubwa likilinganishwa na pori. Kinachokula pori ni kambi: kuni za kupikia, miti ya kuzuia shimo lisibomoke, nyama ya porini, mashamba ya kulisha watu. Leo Bisie ina kampuni kubwa, Alphamin, iliyoanza kutoa bati kwa kiwango cha kiwanda mwaka 2019. Machi 2025 vita ilifika mpaka Walikale-centre yenyewe. Na kila watu wanapokimbia, mti unaokuwa karibu ndio unaopika chakula cha jioni.

Na kuna jambo ambalo mnunuzi wa mjomba hajui, ao anajua na ananyamaza. Udongo wa Walikale si wa Masisi. Masisi, sehemu kubwa, ina udongo wa volkano. Ukikata, unaweza kulima miaka mingi. Kwenye pori la joto kule chini, rutuba iko zaidi kwenye tabaka jembamba la juu na ndani ya miti yenyewe. Jani linaanguka, linaoza haraka, mzizi unalichukua tena. Ukikata na kuchoma, majivu yanakupa mavuno mazuri misimu michache, halafu udongo unachoka. Ndiyo maana wazee walikuwa wanahama na kuacha pori lirudi. Kwa hiyo mwenye kuahidi kuigeuza Walikale kuwa Masisi anauzisha ndoto. Tutapata hasara za Masisi bila viazi vya Masisi.

FAIDA: NISISEME UONGO

Wengine hapa watasema: ee, huyu amesoma, sasa anataka sisi tubaki na giza ili hewa ya wazungu iwe safi. Sitaki hivyo.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na lava ikafunika sehemu ya Goma. Watu walijenga tena juu ya mawe yenye joto kwa kitu gani? Mbao. Mitaa mizima ya Goma ni nyumba za mbao, na mbao nyingi zilitoka kwenye pori letu. Kitanda cha hospitali, benchi la kelasi, chukudu inayobeba viazi kutoka milimani, mlango, jeneza: vyote ni mti uliokatwa. Makala yanapika maharagi ya mwanafunzi anayesoma andiko hili kwenye simu. Na sehemu ya pori lazima iwe shamba, maana watu wanaongezeka na wanakula.

Pia, kulinda pori peke yake hakumaanishi haki. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 na kupanuliwa 1975, mpaka ikaingia Walikale. Wambuti na Watwa waliokuwa wanaishi ndani walifukuzwa bila kulipwa udongo mwingine, na watoto wao bado wanalia. Wao hawakukata pori, na bado walilipoteza. Mnaona? Shoka na uzio wa hifadhi vinaweza kufanya jambo lile lile, kama anayeamua hakai pale.

NILIVYOMJIBU MJOMBA

Baada ya siku nne nilimpigia. Nilimwambia: "Mujomba, muti unaweza kuuzishwa. Udongo, hapana."

Nikamweleza maana yake. Libuyu kumi zilizochaguliwa, zilizokomaa, zikikatwa leo, bado pori lipo na ukoo upo. Lakini karatasi ikisainiwa kwa pori lote, franga zitaisha kabla ya mvua ya pili, na watoto wa ndugu zangu watakuwa wageni kwa muto ambao babu zao walikunywa. Masisi haikupoteza tu miti. Ilipoteza nafasi ya kuamua, na nafasi hiyo ilipotea kwa karatasi, kwanza 1885, kisha 1928, kisha 1973.

Nikamwambia pia kwamba leo kuna karatasi inayoweza kutusaidia. Sheria ya pori ya tarehe 29 Agosti 2002, pamoja na amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba pori lao kama konsesioni ya jamii, mpaka hektari 50,000, bila mwisho wa muda. Jamii inachora mipaka na majirani, inapanga wapi pa kulima, wapi pa kukata mbao, wapi pa kuacha. Si dawa ya kila kitu. Kama wakubwa wa ukoo watano wakisaini kwa siri, itakuwa feremu yenye jina lingine. Kama Watwa, wanawake na wahamiaji wa zamani wakiachwa nje ya kikao, tunapanda mbegu ya Ntoto nyingine. Lakini angalau kwa mara ya kwanza karatasi inaanzia kijijini.

Mjomba alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna daftari langu lililokuwa na jibu lake:

"Sawa mwipwa, nimesikia. Sasa minervali ya wadogo zako nani atalipa?"

Hapo ndipo mahubiri ya wasomi wengi yanapokufa. Tunamwambia mkulima asikate, halafu tunarudi kwenye nyumba ya mbao, tunapika kwa makala. Nilimwambia: mmoja nitamlipia mimi, kuanzia mwaka huu. Mishahara yangu si mikubwa, lakini nadaiwa na pori lile, na deni linalipwa. Wa pili atalipiwa na mbao, miti miwili, si kumi. Na likizo ijayo nitakwenda, barabara ikikubali, tukae na mwami, wazee, wakina mama na vijana, tuanze kuchora mipaka kwa ajili ya kuomba konsesioni. Mnunuzi aliambiwa asubiri. Bado anapiga simu.

Ndugu zangu wahitimu, wengi wetu tuna mjomba kama huyu. Siku moja simu yako pia italia, na watakuuliza kwa sababu wewe njo ulisoma. Kabla ya kujibu ndiyo ao hapana, uliza kwanza maswali matatu: nani anakula faida? Nani anakaa chini ya mlima? Na karatasi ikisainiwa, jina la nani liko juu yake? Masisi ilikatwa bila mtu kuuliza. Walikale bado imesimama, na maswali bado yanaweza kuulizwa kwa sauti, kwenye kikao, mbele ya wote.